Muuguzi wa Vita na Lugha ya Kumtaja: Ushahidi wa Bukoba na Muleba, 1914–1979

1.0 Utangulizi

Katika tarakimu zilizotolewa baada ya vita vya 1978–79 kati ya Tanzania na Uganda, askari wa Tanzania waliopoteza maisha walitajwa kuwa 373. Kati yao, waliouawa katika mapambano na adui walikuwa 96. Tarakimu hizo, ambazo Avirgan na Honey walizitoa katika kitabu chao cha mwaka 1982, hazijavuta macho ya wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, nao hawana lawama. Tarakimu si kazi yao. Lakini ndani yake mna tatizo la kifasihi. Kwa kila askari mmoja aliyeangushwa na adui, takriban watatu walikufa kwa sababu nyingine, ajali zikiwa miongoni mwake. Fasihi ya vita, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, ina njia nyingi na za kale za kumsimulia yule mmoja. Wale watatu haina njia ya kuwasimulia.

Yuko mtu mmoja jeshini ambaye kazi yake yote imo katika hao watatu: muuguzi wa vita. Huyu ndiye aliyebeba machela, akafunga vidonda, akagawa vidonge, akapima joto, akafumba macho ya waliokufa. Makala haya yanachunguza jinsi alivyotajwa, na hasa jinsi alivyokosa kutajwa, katika lugha na tanzu zinazohifadhi kumbukumbu ya vita katika wilaya za Bukoba na Muleba. Hoja inayotetewa ni kwamba ukimya uliomzunguka muuguzi hautokani na uchache wa matendo yake wala na unyenyekevu wake. Unatokana na umbo la tanzu zenyewe, pamoja na maneno ambayo watafiti huyatumia wanapouliza habari za vita.

Eneo hili limechaguliwa kwa sababu ni dogo na limeona mengi. Katika muda wa miaka sitini na mitano lilikuwa uwanja wa vita mara mbili, na baina ya mara hizo vijana wake walipelekwa kupigana ng'ambo ya bahari. Hata jina la mkoa limetokana na vita: ulioitwa Ziwa Magharibi uliitwa Kagera mwaka 1979, baada ya mto ambao majeshi ya Idi Amin yaliufikia mwaka uliotangulia.

2.0 Medani Tatu

Vita vya kwanza vilifika Bukoba kwa maji. Tarehe 22 na 23 Juni 1915, kikosi cha Waingereza kilichotoka Kisumu kwa meli, kikiongozwa na Jenerali J. M. Stewart, kiliuteka mji wa Bukoba kutoka kwa Wajerumani, kikabomoa mlingoti wa simu ya upepo, kisha kikaondoka. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi na kukaa. Vitabu vingi vya historia ya kijeshi husimulia siku hizo mbili za Juni kwa kirefu, kwa sababu zina mwanzo, kilele na mwisho. Zinafaa kusimuliwa.

Lakini vita vya Afrika ya Mashariki vya 1914–18 havikuwa vya siku mbili. Vilikuwa vya miaka minne ya kutembea. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee walikuwa zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya serikali, na watafiti wa baadaye, akiwamo Hodges, wameona kuwa idadi ya kweli ni kama mara mbili yake. Waliouawa kwa risasi miongoni mwao walikuwa sehemu ndogo. Muuaji mkuu alikuwa kuhara damu, akifuatwa na malaria na kichomi. Chanzo kimojawapo kilikuwa chungu cha chakula: unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka, waliopewa watu ambao matumbo yao hayakuuzoea. Waganda, walaji wa ndizi, waliumia sana kwa sababu hiyo. Buhaya nako ni nchi ya ndizi. Huko mlo usio na ebitoke hauhesabiwi kuwa mlo. Msomaji anayelijua eneo hili haitaji kuelezwa maana ya kijana wa Ihangiro kukabidhiwa kibaba cha unga mkavu na kuambiwa kwamba hicho ndicho chakula chake hadi vita vitakapokwisha.

Ni katika vita hivyo ndipo muuguzi Mwafrika wa jeshi alipoanza kuonekana kama mtumishi mwenye mafunzo na sare. Ng'ambo ya mpaka, huko Uganda, Meja G. J. Keane aliunda kikosi cha wauguzi Waafrika, wengi wao vijana waliotoka shule za misheni, na kikosi hicho kikahudumu katika ardhi ya Kijerumani. Uchaguzi wa vijana wa shule haukuwa wa bahati. Mpiganaji aliweza kufundishwa kwa macho na kwa mazoezi. Muuguzi alilazimika kusoma kipimajoto, kuandika jina la mgonjwa na kutofautisha chupa mbili za dawa kwa vibandiko vyake.

Medani ya pili ilikuwa mbali. Tangu 1939 hadi 1945 Tanganyika ilitoa watu zaidi ya 80,000 kwa majeshi ya Uingereza. Walikwenda Uhabeshi, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon na Burma. Safari yenyewe ilikuwa hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki na wauguzi wa kike wa Kiingereza waliokuwa wakienda kazini. Katika nusu ya pili ya mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika masika ya Burma, ikauteka mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kushika kivuko cha mto Chindwin. Ndani ya divisheni hiyo mlikuwa na vikosi vya Keya kutoka Tanganyika, na nyuma yao watu wa idara ya tiba ya jeshi la Afrika ya Mashariki: madresa, wabeba machela, waangalizi wa wodi.

Kabaw liliitwa bonde la mauti kabla ya risasi ya kwanza kulia. Jenerali Slim, aliyeongoza Jeshi la 14, aliandika baada ya vita kwamba mnamo 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, waliondolewa 120 kwa maradhi. Uwiano huo ulipunguzwa baadaye kwa nidhamu kali ya vidonge vya mepakrini, ambavyo viligeuza ngozi kuwa ya manjano na kuzua uvumi kwamba vinaondoa nguvu za kiume. Aliyesimama mbele ya safu kila siku kuhakikisha kwamba kidonge kimemezwa na hakikufichwa chini ya ulimi, katikati ya uvumi huo, alikuwa mtu wa tiba.

Medani ya tatu ilikuwa nyumbani tena. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera; mapema Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Inakadiriwa kuwa raia wapatao 1,500 waliuawa, na maelfu walikimbilia kusini. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililokuwa na watu wasiofikia 40,000, liliongezwa katika majuma machache hadi kuzidi 150,000 kwa kuwaingiza mgambo. Mwezi Januari 1979 Mutukula ilitekwa, mwezi Februari Masaka na Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala. Sehemu kubwa ya njia hiyo askari waliitembea kwa miguu. Njia ya kuwarudisha majeruhi ilikuwa ile ile kwa kinyume: Masaka, Mutukula, Kyaka, Bukoba, kisha ziwa au anga hadi Mwanza. Tena mto Kagera ulivukwa mahali palipokuwa pamevunjwa daraja. Kila kilomita ambayo jeshi lilisonga mbele iliongeza kilomita moja katika safari ya machela, jambo ambalo ramani za ushindi hazina alama ya kulionyesha.

3.0 Majina ya Kazi

Kiswahili hakikuwa na jina moja la mtu huyu, na wingi wa majina yake ni ushahidi kwamba jamii haikuwa imeamua yeye ni nani.

Neno la kiofisi la zamani ni mganga. Katika utumishi wa serikali ya Tanganyika daktari aliitwa Bwana Mganga, na mpaka leo Tanzania ina Mganga Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya. Neno hilo lilichukuliwa kutoka kwa mtu ambaye kwa Kihaya huitwa omufumu: mjuzi wa dawa na wa mambo yaliyofichika. Lakini muuguzi wa jeshi hakupewa jina hilo. Mganga alikuwa ofisa, na katika Keya ofisa alikuwa Mzungu. Aliyekuwa chini yake aliitwa dresa, neno la mkopo lililobeba kazi moja tu, kufunga vidonda. Dresa ni jina la mkono bila kichwa. Mtu aliyemtambua mgonjwa wa homa kali kabla ya ofisa kuamka, akamtenga, akamnywesha maji usiku kucha, katika orodha ya malipo alibaki mfunga vidonda.

Muuguzi, neno lililoshinda baadaye katika lugha sanifu, linastahili kutazamwa kisarufi. Kutokana na kitenzi ugua hupatikana uguza, kama vile kutokana na pona hupatikana ponya. Maumbo yote mawili ni ya kusababisha. Hata hivyo anayeponya humfanya mgonjwa apone, ilhali anayeuguza hamfanyi mgonjwa augue. Humtazama katika kuugua kwake; hukaa naye ndani ya tendo hilo mpaka liishe kwa upande wowote. Kauli ya kusababisha imegeuka kuwa kauli ya kuandamana. Ni vigumu kupata neno linaloeleza kwa usahihi zaidi kazi ya muuguzi katika bonde la Kabaw, kwa sababu ambazo zitaonekana katika sehemu inayofuata.

Machela nayo ina historia yake. Neno hili, lililopita kwa Wareno, katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini lilikuwa jina la kitanda cha kitambaa kilichofungwa katika mti, ambacho ndani yake bwana mkubwa alibebwa mabegani na Waafrika. Katika vita kuu mbili kitu hicho kilibadilishwa matumizi. Sasa aliyelazwa ndani yake alikuwa pengine Mwafrika vilevile, na wabebaji wanne, au zaidi kwa kupokezana penye tope, walikuwa wenzake. Jina halikubadilika. Anayetaka kuona jinsi vita vilivyotikisa daraja za kikoloni bila kuzivunja anaweza kulichunguza neno hili moja.

4.0 Homa Moja, Maradhi Mengi

Sehemu ngumu zaidi ya kazi ya muuguzi ng'ambo ilikuwa ya lugha, na ndiyo inayowahusu zaidi wanaisimu.

Kiswahili cha Keya kilikuwa chombo cha amri. Kilipunguza upatanisho wa ngeli, kikaacha viambishi vingi vya wakati, kikategemea maneno machache yenye maana pana. Kwa kazi ya kwata na ulinzi kilitosha. Amri njema ni ile isiyoweza kueleweka kwa namna mbili. Lakini maumivu hayatolewi kwa amri. Mzungumzaji wa Kiswahili fasaha husema kuwa kidonda kinachoma, kichwa kinawanga, tumbo linakata au linanyonga, jipu linapwita, ngozi inawasha. Kila kitenzi ni dalili, na mganga anayevisikia amekwisha kuambiwa nusu ya ugonjwa. Katika lugha ya kambini vyote hivyo vilimezwa na umbo la aina ya “tumbo iko uma”. Mgonjwa alikuwa na maumivu kumi na neno moja.

Katikati alisimama muuguzi. Upande mmoja alikuwapo ofisa aliyejifunza Kiswahili cha kitabu au cha kambi. Upande wa pili alikuwapo mgonjwa aliyeota na kulia kwa Kihaya, Kinyamwezi, Kikamba au Kinyanja. Muuguzi aliyesoma shule ya misheni huko Bukoba alikuwa na Kihaya cha nyumbani, Kiswahili cha shule, Kiswahili cha Keya, na Kiingereza cha vibandiko vya chupa. Tafsiri aliyoifanya kitandani haikuandikwa popote kama tafsiri. Katika daftari la wodi ilibaki matokeo yake tu: jina, namba, ugonjwa, tarehe.

Neno homa ni mfano bora. Kwa Kiswahili homa ni joto la mwili pamoja na ugonjwa wowote unaolileta. Ni dalili na ni jina kwa pamoja. Katika bonde la Kabaw zilikuwapo homa mbili za kuogopwa. Moja ilikuwa malaria. Nyingine ilikuwa taifasi ya vichakani, inayoletwa na watoto wa utitiri wanaong'ang'ania ngozi ya mtu apitaye katika majani. Zote mbili huanza kwa baridi, kichwa na uchovu. Tofauti yake huonekana, kama ikionekana, katika alama ndogo nyeusi mahali utitiri ulipouma, pengine kwapani au kinenani, mahali ambapo askari hapendi kuchunguzwa. Malaria ilikuwa na dawa. Taifasi hiyo haikuwa nayo. Dawa iliyothibitika kuitibu, kloramfenikoli, ilijaribiwa Malaya mwaka 1948, vita vikiwa vimekwisha. Mwaka 1944 kilichoweza kumwokoa mgonjwa wa taifasi kilikuwa kunyweshwa, kugeuzwa, kupanguswa, kulishwa kwa kijiko, kwa siku kumi na nne au zaidi. Yaani kuuguzwa. Hapa dresa hakuwa msaidizi wa tiba. Alikuwa tiba yenyewe, na lugha aliyopewa ilimwambia tu kwamba watu wote katika hema lile wana homa.

Tatizo la damu lilikuwa la namna nyingine. Kutambua malaria kwa uhakika kulihitaji tone la damu juu ya kioo. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki, pwani na bara, walikuwa na simulizi za mumiani, watu wanaoaminiwa kuwanyonya wengine damu kwa ajili ya dawa za wakubwa, na White amezikusanya simulizi hizo kwa wingi katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2000. Muuguzi mwenye sindano alitoka katika jamii hizohizo. Alijua anafikiriwa nini.

Kwamba jina la ugonjwa huamua jinsi unavyokabiliwa, watu wa Kagera walikuja kulijua kwa uchungu baadaye. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huo mwaka 1983, na kabla ya jina la kitaalamu kuenea ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Jina hilo liliuweka ugonjwa katika biashara na anasa, likauondoa katika mwili. Wauguzi wa hospitali za Muleba, kama Ndolage, Rubya na Kagondo, walifanya kazi ndani ya jina ambalo hawakulichagua.

5.0 Kwa Nini Muuguzi Hawezi Kujigamba

Jamii ya Wahaya ina utanzu mashuhuri wa vita. Katika ebyebugo mwanamume husimama mbele ya Mukama, silaha mkononi, akajitaja, akautaja ukoo wake, akatangaza aliyoyatenda na atakayoyatenda kwa ajili ya bwana wake. Jirani yake ni ebyevugo vya Wahima wa Ankole, vilivyochunguzwa na Morris mwaka 1964. Kando ya majigambo hayo upo utendi wa enanga, unaoimbwa kwa zeze la jina hilohilo, ambao Mulokozi aliufanyia utafiti wa uzamifu mwaka 1986 na kuonyesha kwamba ni utendi kwa maana kamili ya neno, kinyume na waliodai kwamba Afrika haina tendi.

Tukitazama fani ya majigambo, tunaona ina mahitaji matatu. Kwanza, nafsi ya kwanza umoja: “mimi” ndiye mtenda. Pili, kitenzi chenye mtendwa aliye adui: nilimchoma, nilimkimbiza, nilimwangusha. Tatu, shahidi mwenye mamlaka ambaye mbele yake tendo hugeuka kuwa heshima. Muuguzi hana hata moja kati ya hayo. Kazi yake hufanywa na wengi, kwani hakuna mtu mmoja awezaye kubeba machela. Mtendwa wake ni mwenzake. Na shahidi wake mkuu, mgonjwa, ama alikuwa hana fahamu ama amekufa. Akisema “nilimnywesha maji”, wasikilizaji watasubiri sentensi inayofuata, wakidhani hiyo ilikuwa utangulizi.

Uhai wa mkondo huo wa majigambo ulionekana hata katika vita vya 1978–79. Makamanda wa Tanzania walipata majina ya vitani: Mayunga aliitwa Mti Mkavu, Walden aliitwa Black Mamba, Marwa aliitwa Kambale, Musuguri aliitwa Jenerali Mutukula. Hata silaha ilipewa jina: makombora ya kurushwa kwa mfululizo yaliitwa Saba Saba, na jina hilo likabaki katika midomo ya raia wa Uganda. Mti, nyoka, samaki, mji uliotekwa, zana: hayo ni majina ya sifo kwa desturi ya kale. Haiyumkiniki kuunda jina la namna hiyo kwa ajili ya sajini wa tiba bila kuchekesha, na kicheko hicho kinaonyesha mpaka wa utanzu.

Utenzi wa Kiswahili ulitarajiwa kuwa na nafasi zaidi, kwa kuwa ni mrefu na husimulia kwa nafsi ya tatu. Shaaban Robert aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru 1939 hata 1945, kazi yenye beti zipatazo 3,000, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1967. Hakuwa askari, alikuwa mtumishi wa serikali ndani ya Tanganyika, na vita vilimfikia kama habari. Jambo hili si dosari ya mshairi, bali ni sharti la mkondo wake: mtunzi wa utenzi wa vita husimama mahali pa juu aone majeshi mawili. Kutoka huko juu hema la wagonjwa halionekani.

Vita vya Kagera navyo vilipata watunzi wake upesi. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin, na mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Majina ya vitabu hivyo yanatosha kwa hoja iliyopo hapa. Kuzama na anguko: yote mawili ni mwisho wa mtu mmoja aliyekuwa juu. Kisa kimejengwa kuanzia uvamizi hadi kuporomoka kwa dhalimu, na hilo ndilo umbo ambalo taifa lililihitaji wakati ule, kwa haki. Lakini vita vya muuguzi havikwisha tarehe 11 Aprili 1979 wala mapigano ya mwisho yalipomalizika mwezi Juni. Kidonda hakijui kwamba Kampala imetekwa.

Inaweza kupingwa kwamba lawama hii inaitaka fasihi ifanye kazi ya takwimu. Pingamizi hilo lina uzito kwa utenzi, ambao una sheria zake. Halina uzito kwa fasihi simulizi kwa ujumla, kwani tanzu nyingine zimekuwapo daima ambazo hazihitaji adui: nyimbo za maombolezo, bembezi, nyimbo za kazi. Katika mgawanyo wa tanzu ambao Mulokozi aliutoa katika Mulika mwaka 1989, vigezo kama muktadha na namna ya uwasilishaji vina nafasi pamoja na maudhui. Ukitumia vigezo hivyo, usimulizi wa muuguzi uko karibu na maombolezo ya wanawake kuliko majigambo ya wanaume. Pengine hapo ndipo wanaume waliorudi kutoka Burma walipokwama: kumbukumbu waliyokuwa nayo ilihitaji utanzu ambao jinsia yao na sare yao viliwazuia kuutumia.

6.0 Swali la Mtafiti

Mambo hayo yana matokeo ya moja kwa moja kwa anayekusanya simulizi katika wilaya hizi mbili. Wauguzi wa Burma hawapo tena wa kuhojiwa, isipokuwa kwa kupitia watoto wao. Wauguzi wa 1978–79 bado wapo: kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule amezaliwa mnamo 1958 au 1959. Muda wa kuwasikiliza upo, lakini si mwingi.

Swali la kawaida la hojaji ni “Ulipigana wapi?” Muuguzi mkweli atajibu kwamba hakupigana, na mtafiti atapita nyumba ya pili. Kitenzi pigana kina kiambishi cha kutendana, kinadai wawili wanaopeana kipigo. Hata neno askari linaweza kumfungia mlango, kwa kuwa Mikataba ya Geneva ya 1949 inamweka mtu wa tiba kando ya wapiganaji na kumpa ulinzi wa pekee, naye alifundishwa hivyo. Maswali yenye kuzaa ni yale yanayoanzia kwenye kitu: machela ilibebwa na wangapi, maji yalichemshwa katika chombo gani, nani aliandika majina, gari la wagonjwa lilipokosekana mlifanyaje, mgonjwa alipougua kwa lugha msiyoijua mlimwelewaje. Vema pia kuuliza kwa Kihaya na kwa Kiswahili katika vikao tofauti. Mambo ya jeshini huelekea kuja kwa Kiswahili, lugha ambamo yalitendeka. Mambo ya mwili na ya kifo huenda yakangoja Kihaya.

Nyaraka ndogo zisidharauliwe: daftari za wodi, vyeti vya kuachishwa jeshi, barua, vitabu vya wagonjwa vya zahanati. Daftari la wodi ni matini. Lina mpangilio wake, vifupisho vyake, na mahali ambapo mwandiko hubadilika kwa sababu mwandishi wa zamu amelala au amefariki. Mhakiki aliyezoea kusoma vina na mizani anaweza kujifunza kusoma safu zake.

Huko Kaboya, wilayani Muleba, yapo makaburi ya askari wa vita vya Kagera. Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka waliokufa kwa ajili yake, na neno shujaa siku hiyo hutumiwa bila kuuliza nani alikufa kwa kombora, nani kwa gari lililopinduka na nani kwa homa. Katika hilo sherehe ina upana ambao majigambo hayana. Lakini mtafiti anayepita mbele ya safu zile hana budi kuuliza jambo moja ambalo hakuna hotuba iliyozoea kulijibu: kila mmoja wao alifumbwa macho na nani, na mtu huyo sasa anaishi kijiji gani.